Muhuri Wangu na Safari ya Mama Yako

Dada Kabula,

Barua hii nimeiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ambako watu wa Mwamkulu, wa Kasekese na hata wale waliobaki Magu huenda wakaisoma kabla yako. Nimefanya makusudi. Mama yako alichekwa humu humu na mimi nikiwepo, kwa hiyo sioni kwa nini ukweli wake upite uchochoroni. Ukitaka kunijibu kwa matusi, nijibu hapa hapa. Nitayasoma yote.

Sijui kama bado unakumbuka siku tuliyotumwa kulinda mpunga. Wewe ulikwenda kuchota maji, mimi nikabaki na ng'ombe, nikalala. Ng'ombe walipotoka kwenye majaruba ya mpunga ya jirani palikuwa pameshakuwa uwanja wa mpira. Baba yako alipouliza nani alikuwa zamu, ulisema, "Ni mimi." Ulichapwa wewe. Mimi nilikaa nyuma ya ghala nikitafuna michembe yako, vile viazi vikavu ulivyokuwa umeniachia nikushikie. Jioni nikakuuliza kwa nini ulisema vile, ukanijibu, "Wewe bado mdogo." Nilikuwa na miaka tisa. Sasa nina thelathini na nne, nina mke na watoto wawili, na kosa langu limefunikwa tena, safari hii na mama yako.

Nasema mama yako, ingawa unajua kwangu ni zaidi ya shangazi. Baba yangu alipofariki alinichukua nikiwa siwezi hata kufunga vifungo vya shati, na hajawahi kukununulia wewe sare ya shule akaniacha mimi. Ndiyo maana aibu yangu haina pa kukaa.

Duka langu hapa mjini unalijua: fotokopi, picha za paspoti, kujaza fomu za mtandaoni. Na watu wetu unawajua. Karatasi isiyo na muhuri, huku kwetu, ni ya kufungia karanga. Kwa hiyo nilichonga muhuri wangu, mkubwa, wa duara, wino wa bluu, na nikawa nagonga kila kinachotoka kwenye mashine, kiwe changu kisiwe changu. Wateja walipenda. Mzee mmoja aliwahi kurudi kutoka Kasekese kwa sababu tu nilisahau kumgongea picha ya mjukuu wake.

Mwaka mmoja kabla ya safari ya mama ya kuja kwako Kanada, kuna mfanyabiashara wa asali nilimsaidia. Alikuwa anapita njia ile ile uliyomkatia mama tiketi, anabadilisha ndege kwenye uwanja ule ule wa katikati. Nilitafuta nikakuta kwamba Mtanzania asiyetoka nje ya uwanja hahitaji viza ya kupita. Akaenda, akarudi salama. Ule ukurasa nikauchapisha, nikaugonga muhuri, nikaubandika ukutani juu ya mashine. Tangu siku hiyo nikawa mtaalamu wa safari za nje. Mimi ambaye sijawahi kukanyaga ngazi ya ndege.

Halafu, wiki mbili kabla ya safari, ukaja ujumbe wako. Ulikuwa na mimba ya miezi minane, na daktari alikuwa ameshakuambia utajifungua kwa upasuaji. Uliandika, "Masanja, hakikisha kuhusu viza ya kupita. Nasikia wanabadilisha badilisha." Dukani kulikuwa na foleni ya wanafunzi wa kuomba vyuo. Niliinua macho, nikaiona karatasi yangu na muhuri wangu, nikakujibu: "Nimeshacheki dada, haihitajiki. Mama anapita tu."

Sikuwa nimecheki, Kabula. Nilikuwa nimetazama ukuta.

Mama alijiandaa kama bibi harusi. Watu walijaa Mwamkulu kumuaga, kila mmoja na kifurushi chake cha kukuletea, mpaka nikalazimika kuchagua kipi kinabaki. Asali ilipita, michembe ilipita, kuku mzima wa kukaushwa nilimkataa tukagombana. Tulipanda treni hapa Mpanda mimi na yeye. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika, akisema huko kuna baridi na lazima miguu ianze kuzoea. Nilimchorea kwenye daftari mishale ya namna atakavyoshuka ndege ya kwanza na kutafuta ya pili. Alijifunza neno "transiti" akalirudia kuanzia Kaliua mpaka Tabora, na abiria wa behewa letu nao wakalijua.

"Hapo katikati wakiniuliza naenda wapi?" akaniuliza.

"Sema Kanada."

"Nitasema naenda kwa mtoto wangu. Kanada watajaza wenyewe."

Uwanjani Dar tulifika asubuhi, mapema kuliko wafanyakazi wenyewe. Alimsalimia kijana wa kaunta kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kijana akacheka, akamwambia hajui hata maana yake. Mama akamfundisha kuitikia. Hiyo ndiyo hofu aliyokuwa nayo mama yako.

Kijana akaangalia paspoti, akaangalia viza ya Kanada, akatabasamu. Kisha akauliza, "Viza ya kupita iko wapi?" Nikamwambia haihitajiki. Akasema imeanza kuhitajika wiki tatu zilizopita, kwa paspoti yetu, hata kama mtu hatoki nje ya uwanja. Nikamwambia hapana. Nikafungua bahasha nikatoa karatasi yangu, nikaiweka mbele yake kwa kishindo, maana nilikuja nayo kama silaha.

Aliisoma taratibu. Akaigeuza. Akaweka kidole kwenye duara la bluu.

"Huu muhuri ni wa nani?"

Nilitamani sakafu ile inayong'aa inimeze. Mama alikuwa amesimama ubavuni mwangu akingoja jibu kama yule kijana, kwa sababu hata yeye aliamini ni muhuri wa serikali.

"Ni wa kwangu," nikasema.

Hakunicheka. Afadhali angecheka. Alitugeuzia kompyuta tuone tangazo lenyewe, akaita mkubwa wake, mkubwa wake naye akasema vile vile, kwamba wakimpandisha atarudishwa kutoka huko huko. Viza hiyo kuiomba ingechukua siku kumi na zaidi. Upasuaji wako ulikuwa umebaki siku mbili.

Mama alikwenda kukaa kwenye benchi. Alibaki anaangalia watu wanavyopita na mabegi yao. Saa ya ndege ilipofika akaniuliza kama imeshaondoka, nikasema ndiyo, akasema, "Haya, twende."

Kwenye treni ya kurudi ndipo alipozungumza. Alisema, "Tutawaambia niliogopa."

"Uliogopa nini, shangazi?"

"Ndege. Mimi mwanamke wa shamba, nani atabisha? Nyie mna watoto. Wakijua ni wewe, nani atakuletea tena karatasi zake?"

Ningeweza kukataa. Kutoka hapo mpaka Mpanda kulikuwa na muda wa kutosha kukataa mara mia. Nilinyamaza, na nikaona nafuu. Hiyo nafuu ndiyo inayonitafuna mpaka leo. Kisha nikachukua simu nikakuandikia kwa mkono wangu: "Dada pole sana, mama ameghairi pale uwanjani. Ameogopa ndege. Tumembembeleza imeshindikana."

Ulijibu, "Sawa. Asilazimishwe."

Siku mbili baadaye ukapasuliwa, mumeo akiwa zamu kazini, na aliyekushika mkono ni jirani ambaye hata lugha hamwelewani vizuri. Hayo uliyaandika humu kwenye kundi, na mwisho ukaweka, "Mama yangu aliogopa ndege." Mama hayumo kwenye kundi hili, lakini mimi niliyasoma. Watu wakaandika pole. Wengine wakaanza utani. Mtoto ulimpa jina la mama mkwe. Watu wa Mwamkulu walikuwa wameshaanza kumwita mama yako Bibi Minza, yaani bibi wa Minza, kwa kutegemea mtoto angepewa jina lake, na ikabidi waache.

Wakampa jina lingine: Mama Ndege. Anapofika mashineni kusaga, wanamuuliza leo anapaa saa ngapi. Yeye anacheka nao. Na kuna siku, kwenye arusi ya ndugu yetu Ng'wigulu, mtu alilisema mbele yangu na meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Mama alikuwa meza ya pili. Aliniangalia akainamisha macho kwenye sahani yake, kama vile yeye ndiye aliyekosea kunikuta nikicheka.

Nilibandua ile karatasi. Siku hizi mtu akija na mambo ya ndege naangalia mbele yake, tarehe na yote, halafu namwambia apige simu kwa shirika lenyewe na aulize tena siku chache kabla ya kuondoka, kwa sababu haya mambo yanabadilika mtu akiwa amelala. Wananisifu kwamba niko makini. Kila sifa naimeza kama dawa chungu.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Jumatatu iliyopita mama alikuja dukani na simu yake. Alisema, "Masanja, nitazamie hii. Kila Jumapili nikitoka kanisani namrekodia Kabula. Lakini alama inakuwa moja tu." Nilifungua nikaona. Ni miezi sita ya Jumapili, dada. Sauti moja baada ya nyingine, zote zina tiki moja. Nyingi ni fupi. Nilisikiliza mbili, yeye akiwa amesimama. Kwenye moja anamwimbia mtoto, kwenye nyingine anakuelekeza namna ya kupika uji wa karanga usishike chini.

Nilielewa mara moja kwamba umemfungia, sauti zake hazikufikii. Nikamwambia, "Ni mtandao, shangazi. Huko kwao mtandao unasumbua."

Akaniamini. Hata baada ya ule muhuri, bado ananiamini. Akafunga simu kwenye khanga akaenda zake, na mimi nikafunga duka saa sita mchana, watu wakiwa bado nje.

Jana nilikwenda Mwamkulu. Nilimkuta anaanika mpunga. Nikamwambia kuhusu alama moja, maana yake ni nini, na kwamba ni kwa sababu yangu. Nikamwambia nakwenda kukuandikia kila kitu, mbele ya watu wote. Aliendelea kutandaza mpunga kwa mguu mpaka nikadhani hakunisikia.

Sikuombi unisamehe. Mimi na wewe tutakutana siku moja na utanifanya utakavyo. Ninachoomba ni umfungulie mama yako. Hakuogopa chochote. Alikuwa anakuja kwako, na aliyemzuia ni mimi.

Nilipokuwa naondoka aliniita nikiwa nimeshafika njiani. Nilijua atanikataza kuandika, na nilikuwa nimejiandaa kubisha. Lakini hakunikataza.

"Mwambie taratibu," alisema. "Bado ananyonyesha."

Ubaki salama wewe na mwanao.

Ni mimi mdogo wako, niliyenyamaza,
Masanja