Leso Kati ya Mashine na Ngozi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo kidogo cha polisi, Diani, Alhamisi tarehe 16 Machi 1967, saa tatu na nusu asubuhi.
Jina: Mwanapili binti Matano. Umri: miaka 22. Elimu: darasa la nne. Kazi: mkulima. Makazi: Ukunda.

Kwanza naomba radhi, Bwana Konstebo, kwa kukaa siku kumi na saba bila kuja. Nilikuwa na kidonda na mtoto wa kunyonya, tena niliona haya, maana habari hii ni ya titi langu.

Mnamo mwezi wa Januari nilihisi uvimbe katika titi la kushoto, mgumu, kadiri ya kungumanga. Daktari alinipa barua ya kupasuliwa Msambweni tarehe 20 Machi. Mwanangu Esha ana miezi minane na uji anautema. Nikaogopa kisu.

Salimu Jefwa ni jirani yetu, dobi katika hoteli moja ya ufukweni. Zamani alifanya kazi hospitalini Mombasa, chumba cha kukanda viungo. Ana mashine ya sauti iliyotupwa huko, akaitengeneza. Aliniambia sauti yake haisikiki kwa sikio, lakini ikikusanywa mahali pamoja huwa moto, kama kioo kinavyokusanya jua hadi karatasi ikaungua. Alisoma kwamba ng'ambo madaktari wanajaribu kuua uvimbe hivyo, bila kisu. Hakutaka chochote kwetu.

Mnamo tarehe 27 Februari, saa nne asubuhi, jenereta ya hoteli ikiwaka, nilifika chumba cha dobi pamoja na mavyaa wangu, Bi Chiku. Salimu akatoa mafuta ya nazi. Alisema yapakwe juu ya ngozi tupu, kwani hewa ikiingia kati, sauti hugota hapo hapo na moto hubaki juu.

Mavyaa akasema, "Ngozi tupu? Wewe Salimu uliyekuwa ukikojolea mkeka wangu, leo umwone mke wa mwanangu kifua?"

Salimu akajibu, "Mama, mimi naangalia mashine."

"Basi iangalie, na leso iwe juu."

Salimu alikataa mara mbili. Nami nikasema, "Kaka Salimu, bila leso naondoka." Leso niliyojitanda niliitandika mwenyewe kifuani, nikaimwagia mafuta. Ndipo akakubali.

Aliweka kichwa cha mashine juu ya leso. Baada ya muda nilihisi moto kama wa pasi. Aliniuliza, "Yauma, dada?" Nikasema la. Akauliza tena, nikasema la. Mara ya tatu pia nilisema la, na machozi yananitoka nimegeukia ukutani. Nilidhani uvimbe ndio unaokufa. Alipoona leso inafuka moshi alizima, akaniinua, akapiga kelele kuliko mimi. Tulitoka mbio, kikapu changu kikabaki.

Mume wangu, Suleiman, alirudi kutoka Ramisi Ijumaa iliyofuata, akaona kidonda, akaja kwenu kushtaki. Siku ile Salimu alikamatwa. Nimesikia alisema kosa lote ni lake, na leso hakuitaja. Najua alinifichia aibu yangu. Mume wangu anasema ninyamaze. Siwezi kunyamaza mtu akafungwa kwa kunichoma kusudi.

Lakini sisemi hana kosa. Alijua leso inazuia, akawasha. Aliahidi uvimbe utakufa, nao upo, asubuhi hii nimeushika.

Leso nimeileta, ina tundu. Kama italetwa mahakamani naomba iletwe ikiwa imekunjwa.

Kikapu changu mlikichukua pamoja na mashine, nami nakihitaji kabla ya Jumatatu, siku ya kupasuliwa. Ndani mna barua ya daktari, niliyompa Salimu aisome. Mna kopo moja la maziwa ya unga, halijafunguliwa, la Esha nitakapolazwa. Na kofia yake nyekundu.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyahisi mwilini. Nimesomewa, ni sawa.

(Sahihi) Mwanapili Matano

Maelezo yameandikwa nami, Konstebo Tembo Kavumbi, na kumalizika saa tano na robo. Yalisimama mara mbili shahidi akinyonyesha, titi la kulia. Leso moja imepokewa, imekunjwa. Kikapu, kopo na kofia amekabidhiwa. Barua imo katika faili iliyopelekwa Kwale. Naifuata mwenyewe kwa baiskeli mchana huu.