Viti Vinne vya Kuazima

Jumatatu, 4 Machi

Leo kikao cha kwanza cha kamati ya msamaha wa malipo pale hospitali. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, huongea nasi kana kwamba sote tumechelewa darasani. Kasema wamenialika kwa kuwa naandika magazetini na nina mdomo. Ninao! Kazi yetu: kuamua nani hawezi kulipia upasuaji. Afisa ustawi humtembelea mtu kwake, analeta ripoti, sisi tunapiga kura.

Fomu ya tatu ilikuwa ya bibi dobi wetu wa mtaani. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ndiyo maana blauzi yangu ilirudi na alama ya pasi mgongoni, nami nikamfokea. Daktari bingwa anakuja tarehe 15, siku moja tu. Akimkosa, hadi mwakani. Mwakani atakuwa haoni kabisa.

Jumatano, 6 Machi

Dobi kaja kuazima viti. Afisa anamtembelea kesho, na wenzake wawili.

“Dada, watu wazima watatu, niwakalishe kwenye ndoo?”

Nikampa vinne vya mezani, vyenye mito myekundu. Na vikombe vya kaure juu yake. Nikajiona mwema kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao cha pili.

Afisa kasoma ripoti. Nyumba safi kupita kiasi. Viti vinne vya thamani. Vikombe vya kaure. Mwombaji alivaa nguo iliyopigwa pasi — iliyopigwa pasi! Yule ni dobi, alitaka avae nini, gunia? Mwenyekiti akatoa methali yake: maskini akipata, matako hulia mbwata. Wakacheka hadi fomu zikatikisika mezani.

Nikasimama. Viti ni vyangu, nikawaambia. Vikombe pia ni vyangu. Aliazima kwa ajili ya kuwaheshimu nyinyi.

Wakaacha kucheka. Nikadhani nimeshinda. Kumbe! Afisa akafungua kalamu taratibu: “Basi alitudanganya.” Akaongeza mstari kwenye ripoti: mwombaji si mkweli.

Nikauliza: akiwa na viti si maskini, akiviazima ni mwongo, sasa mnataka akae vipi? Chai ikaletwa. Mwenyekiti akasema watu hawa ukiwapa mkono watataka bega, tena wengi wao ni wavivu. Alisema hivyo huku shati lake linang'aa kwa weupe. Nalijua shati lile. Nimeliona kwenye kamba ya dobi.

Nimegombana hadi sauti ikakauka. Nimepata kitu kimoja: watamtembelea tena Alhamisi, saa kumi jioni. Mwenyekiti mwenyewe atakuja, ajionee.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika kurasa tatu za makala kuhusu kamati. Nimezichana. Kila sentensi ilinisifu mimi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kwa dobi. Chumba kimoja, pazia katikati, sakafuni unaweza kulia chakula. Alikuwa anatenganisha nguo za wateja kwa kupapasa mishono na kunusa kola.

“Hii yako, dada. Ina moshi wa sigara. Na mimi sijasema kitu.”

Nikacheka. Kisha nikamweleza nilichojia. Alhamisi usifagie. Usipige pasi. Toa pazia. Wakae kwenye ndoo, wakitaka wasimame. Nikamfundisha hata namna ya kuinamisha kichwa — mimi! Miaka ishirini nimepiga kelele kwamba maskini asilazimishwe kujidhalilisha ndipo asaidiwe, na leo nimekaa kwenye kitanda cha mtu ninamfundisha kujidhalilisha. Kwa upole. Nilijisikia nikiongea kama afisa yule yule.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakunja shati.

“Yaani niache nyumba chafu, dada, ili nipewe macho ya kuuona huo uchafu?”

Nimeondoka na blauzi yangu mkononi kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Jumatano, 13 Machi

Nimempigia simu Mwenyekiti. Nikamkumbusha kwamba mkewe ni mteja wa dobi. Akasema ndiyo, na siku hizi nguo zinarudi na madoa, pengine bibi yule amezembea. Amezembea! Nikamwambia haoni. Akasema tusichanganye mambo.

Alhamisi, 14 Machi

Saa tisa na nusu. Amekuja mwenyewe, akifuata ukuta kwa kiganja. Gauni limenyooka, kila mkunjo mahali pake. Vidole viwili vina malengelenge ya pasi.

“Dada, naomba viti. Vilevile.”

Nikamwambia kesho ndiyo tarehe 15.

“Najua. Ndiyo maana nimekuja mapema.”

Nikamwambia watakufelisha. Nikamsihi. Nimepandisha sauti kwa mtu asiyeona uso wangu. Akasema katika maisha yake hajawahi kumwacha mgeni asimame mlangoni kwake, na hataanza na yule mwenye shati. Nikikataa ataenda kwa jirani wa pili. Kisha akajitwika kiti akaenda zake. Akarudi. Cha pili. Akarudi. Cha tatu, mto ukiwa kwapani.

Naandika haraka. Gari la Mwenyekiti limepiga honi pale kona. Dobi amesimama tena mlangoni, mikono mbele, anapapasa hewa.

“Dada, kimebaki kimoja.”

Najua. Nimekikalia.