Picha ya Mwisho ya Murrawee

Murrawee, 3 Juni

Dada Bron,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi. Hujambo? Mgongo umepoa? Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mke wangu Glenys anakohoa, na mimi goti la kulia limegoma, asubuhi hulibembeleza kama mtoto ndipo likunjuke. Mvua ya mwisho ilikuwa ya kulowesha kofia tu. Kondoo nimebaki na wale ambao hata mnadani walirudishwa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla hatujamaliza kujuliana hali.

Jambo lenyewe ni klabu yetu ya mpira. Ligi imesema msimu huu ukiisha tunaunganishwa na Kulgarra. Wenyewe wanauita muungano. Wewe umekulia huku, unajua mbwa na sungura wanavyoungana. Mpira wetu huu wa Kiaustralia unataka watu kumi na wanane uwanjani, sisi tumebaki kumi na mmoja, tena nikimhesabu Kev Noonan mwenye miaka arobaini na sita, anayemwachia mkewe miwani pembeni ya uwanja kisha anauliza mpira uko wapi. Wengine wamekwenda migodini au mijini. Kila Jumamosi tunaazima wachezaji kwa wapinzani, na bado tunapigwa.

Pale ukumbini kwa klabu kila mwaka una picha yake ya timu ukutani, tangu babu alipokuwa na nywele. Nataka na mwaka huu iwepo, na isiwe ya simu. Nataka kama zako zile za kwenye mabango, mchezaji anatokea gizani mabega yanang'aa, hata mwenye haraka anasimama kutazama. Hawa jamaa wamepigwa na kila mtu mwaka huu. Njoo uwapige na wewe, ila kwa kamera.

Mdogo wako,
Darcy

Melbourne, 17 Juni

Mdogo wangu Darcy,

Nimeipata barua yako, na nimefurahi kuona mwandiko wako bado ni wa kuku. Poleni na ukame. Mwambie Glenys kikohozi cha wiki nyingi si cha kunyweshwa asali, aende akapimwe, yeye ni muuguzi na anajua. Mimi mgongo ni ule ule. Nikiinama kufunga kiatu, nafunga na cha pili kabisa, maana sijui kama nitarudi chini tena.

Sasa nisikilize bila kununa. Wiki iliyopita nilimpiga picha kijana wa klabu moja kubwa ya hapa. Nilimwekea taa mbili nyuma, kulia na kushoto, zimchore mabega. Moja ndogo nikaining'iniza juu mbele ili macho yazame kidogo, aonekane mkali. Jasho nililitoa kwenye chupa, maji na gliserini, nikampulizia kama mtu anayenyunyizia mawaridi. Moshi wa mashine ukapita nyuma yake. Kisha akaruka kudaka mpira, akaanguka kwenye godoro, akaruka tena, kutwa nzima. Ana miaka ishirini. Mwishoni akaniuliza, "Mama, nikasirike tena?" Nikamwambia, "Kasirika tena, mwanangu." Alikuwa anasinzia wima.

Bango limetoka. Linatisha. Watu wanasimama kulitazama, kama ulivyosema, na mimi napita upande wa pili wa barabara.

Wanasema picha haidanganyi. Kweli, anayedanganya ni mwenye taa. Nimeifanya kazi hii hadi imenichosha, Darcy, na sitaki kuipeleka ukumbini kwa babu. Mke wa mchungaji ana simu nzuri. Wajipange uwanjani mchana, wacheke, apige.

Usinikasirikie.

Dada yako,
Bron

Murrawee, 1 Julai

Dada,

Sijambo, nawe uwe hivyo. Glenys alikwenda kupimwa, ni mapafu yamechoka na vumbi, si zaidi.

Barua yako nilimsomea mzee Merv Colquhoun, yule mpiga king'ora wetu wa kumaliza mechi. Akasema, "Mwambie dadako asihangaike na jasho la chupa. La huku lipo, tena bure."

Jumamosi tulitokea wanane, na wageni hawakuwa na wa kutuazima. Mwamuzi akatazama saa, akatutazama sisi, akatikisa kichwa. Wageni wakapewa ushindi bila kugusa mpira. Wakawa wema, wakaketi nasi tukala pai za nyama, na hakuna aliyejua azungumze nini. Mimi ndiye nahodha, basi nikazungumza habari za mvua.

Sitakuomba tena.

Darcy

Melbourne, 29 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini goti limetulia baada ya zile mbio nilizokukimbiza. Mimi nilifika salama, nimelala siku mbili. Msalimie Glenys, mwambie supu yake ndiyo iliyonirudisha Melbourne, si gari.

Picha nimeituma ndani ya bomba gumu, usiikunje. Lakini kabla hujaifungua nataka nikueleze.

Habari ya Jumamosi ile ya watu wanane ilinishinda, ndiyo maana nilikuja huko, na taa moja tu ya mkononi, nimekusudia kuwapiga kumi na mmoja kama mlivyo na kurudi zangu. Nikawaambia mjipange. Mkaenda kila mtu mahali anapocheza, uwanja mzima. Merv akapaza sauti, "Songeni, mmeachana kama meno yangu." Hakuna aliyesogea. Nilitazama kwenye kamera nikaona mmewaachia nafasi walioondoka. Sidhani mlipanga. Miguu yenu ndiyo iliyozoea.

Hapo ndipo nikasema tusubiri jua lizame. Taa za uwanja zimekufa tangu mwaka juzi, na mwezi haukuwepo, giza likawa zuri. Nikaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikaiacha wazi, maana gizani haioni kitu mpaka ile taa yangu ya flashi ilipuke. Ukimmulika mtu mmoja, amebaki pale. Ukiifunika kamera kwa kofia, akakimbia hadi kwingine, ukaifunua na kummulika tena, amebaki na pale pia; hivyo kumi na mmoja mngejaza nafasi zote kumi na nane. Flashi nikakupa wewe, kwa kuwa wewe hata gizani unajua nani anasimama wapi. Nikakufundisha umulike kwa ubavuni au nyuma kidogo, mwanga umchore mtu na usimwoshe, na usijimulike mwenyewe. Ulishika upesi. Nina vijana hapa niliwafundisha mwaka mzima.

Ambacho sikukitarajia ni zile sauti. Wewe unauliza gizani, "Nani anasimama mahali pa Tulloch?" Na mtu anajibu, "Mimi." "Pa Craig Bannister?" Kev anasema, "Mimi, ila Craig alikuwa na mbio, mimi nitasimama tu." Wanaume wazima wanagongana gizani, wanatukanana, wanacheka. Kisha anatajwa mwingine aliyekwenda, na kicheko kinakatika. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nimeishika kofia yangu, na nilishukuru hamnioni.

Pikapu ya Kev ikapita nyuma kutimua vumbi, ukalimulika kwa taa niliyoifunika karatasi angavu ya rangi ya chungwa. Ukiliona kwenye picha utadhani jua ndilo linalotua nyuma yenu. Huo ndio uongo pekee niliokubali.

Mwisho nikakuuliza, "Wote umewamulika?" Ukasema, "Wote."

Darcy, nimeikuza picha, nikawahesabu. Ni kumi na saba. Katikati ya uwanja, mahali pa nahodha, kuna majani makavu tu, yana mwanga pande zote. Nilitakiwa nilione pengo hilo pale pale. Nilichoka, nikatazama taa nikamsahau mshika taa. Nina kazi hadi mwisho wa mwezi ujao, lakini neno lako moja nawasha gari, tuirudie.

Dada yako,
Bron

Murrawee, 19 Agosti

Dada Bron,

Salamu. Goti limevimba lakini lilikuwa na haki. Glenys anakusalimu, kikohozi kimepungua.

Picha tumeitundika baada ya mechi ya mwisho. Tulifungwa, ila tulicheza hadi king'ora, na Merv akakipiga kirefu mpaka mkewe akamnyang'anya. Watu walisimama mbele ya picha muda mrefu. Mama yake Craig alimwona Kev kwenye nafasi ya mwanawe, akamwambia, "Hata mkao wake umeuiga." Kev akasema mgongo ndio uliomuuma. Mama akamshika mkono tu.

Glenys ndiye aliyegundua. Alipekua picha kwa macho, kisha akanigeukia. "Wewe uko wapi hapa?"

"Nilishika taa."

"Hilo najua. Nauliza uko wapi."

Hilo nakujibu wewe. Nilijua, dada. Uliponiuliza, nilijua sijamulikwa. Nilitaka kusema, nikaona watu wote wako mahali pao, hata wasiokuwepo, na kila mmoja nilikuwa nimepita nikamfikia. Miaka yote hii nimesimama pale katikati nikiwaambia twendeni, nami mwenyewe sijui tunakokwenda. Usiku ule niliwapitia mmoja mmoja, nikaridhika. Usiirudie.

Kulgarra wameniomba niwafundishe. Nimekataa. Glenys amepata kazi Bendigo, kwenye wodi isiyo na vumbi, na shamba jirani amelichukua. Tunahama Oktoba. Nimeyaandika haya haraka ili nisiyafute.

Kwa hiyo nauliza, na ukikataa sitanuna. Huko kwako kuna kazi ya mtu wa goti moja?

Mdogo wako,
Darcy

Melbourne, 2 Septemba

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, chai ikapoa.

Bendigo si mbali, treni ipo alfajiri. Tarehe kumi na mbili Oktoba nina waogeleaji, bwawa limekodiwa, na nitahitaji mtu wa kushika taa pembeni ya maji. Unaweza kuketi kwenye kiti. Waogeleaji hufika saa tatu.

Wewe uje saa moja. Kabla ya kazi huwa nahitaji mtu asimame mbele ya kamera ili nipime mwanga. Haambiwi akasirike wala acheke. Anasimama tu, nami nazunguka na taa mpaka nimwone vizuri.

Dada yako,
Bron