Redio Isiyokoroma

Jumatatu, 3 Machi
Mpwa wangu kamletea mama yake, yaani dada yangu, redio ya dijitali. Kidude chepesi kama kipande cha sabuni! Miaka ishirini na saba natengeneza redio — niliwahi kufufua moja iliyozama kisimani siku nne, ikaamka katikati ya taarifa ya habari — leo nifundishwe na mtoto niliyembeba mgongoni! Eti sauti inageuzwa tarakimu, stesheni kumi na mbili zinapanda wimbi moja, redio inazichambua yenyewe. Kumi na mbili! Hazikanyagani?

Jumamosi saa moja jioni mpwa atasoma habari redioni kwa mara ya kwanza. Stesheni yao iko dijitali tu. Dada haoni siku hizi, anahesabu siku kwa vidole.

Jumanne, 4 Machi
Dada anasifu tu. Haina mikwaruzo, utadhani mtangazaji kakaa kitandani kwake. Hutafuti stesheni, unabonyeza. Uvivu! Mimi nilinasa za ng'ambo kwa waya wa kuanikia nguo.

Mpwa kaniachia amri, kidole juu: “Mjomba, ikinyamaza isogeze dirishani. Usiifungue.” Mimi!

Alhamisi, 6 Machi
Imenyamaza! Nilisema. Dada kaipeleka jikoni, basi, kwisha habari yake. Nimeweka sikio — hata mkoromo hakuna. Redio nzima ikikosa stesheni inakoroma, unajua iko hai. Hii maiti.

“Kaka, si kasema dirishani?”

“Dirishani huwekwa maua.” Nikaichukua.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefungua. Ndani hamna kitu! Kijibao kama biskuti. Nimechomelea penye shaka. Moshi kidogo. Kawaida.

Jumamosi, 8 Machi
Saa moja kasoro dakika kumi. Naandika nimesimama, kwa dada. Kavaa gauni la kutokea, kwa ajili ya redio! Nimemletea yangu, ya betri sita. Hiyo ndiyo redio. Nimezungusha mwanzo hadi mwisho — inakoroma vizuri sana. Stesheni ya mpwa haimo.

“Kaka, leta ile ndogo.”

Nimesema inapoa.

“Jumatano ilinyamaza vilevile. Nikairudisha dirishani, ikaongea. Nilikwambia.”

Hakuniambia! Au aliniambia nikiwa kwenye hadithi ya kisima.

Kasoro dakika tatu. Dada kaweka kiganja kwenye spika yangu, anaipapasa kama shavu.

“Haya, mwanangu,” anaiambia. “Anza.”