Pengwini Apita kwa Kura Tatu

Jumapili, 3 Machi

Ruta yetu ya mtandao imekufa. Haikuugua, haikuaga. Shangazi aliitwika chungu cha ua ili pale kabatini papendeze, na leo asubuhi akalimwagilia ua lake. Taa zake zote zikawaka kwa mpigo, kisha kimya. Eti hakujua kwamba kile kidude kina umeme. Kina waya, Shangazi! Waya!

Dukani wameniambia nisubiri mzigo mpaka mwisho wa mwezi. Na usaili wangu ni Ijumaa ya tarehe 15, saa nne asubuhi, kwa video. Kazi ya kutunza mtandao wa hospitali nzima, mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi. Humu ndani simu haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji, na mimi sitasailiwa nikiwa juu ya tangi. Chuoni ninakofundisha nako haiwezekani, mkuu wa idara ana masikio.

Baba hajui. Nimwambieje? Tangu mama afariki amebaki na mimi, Shangazi na vikao vyake. Nitamwambia nikishaipata. Mwoga mimi, najijua.

Wazo: kompyuta aliyopewa baba siku ya kustaafu. Ipo pale kona ya sebule, imefunikwa kitambaa, haina kazi. Inafaa kabisa kuwa ruta. Natia mfumo mwingine wa kuiendesha, naongeza kadi moja ya mtandao, basi. Kazi ya saa mbili.

Jumatatu, 4 Machi

Saa mbili! Nilisahau naishi na nani.

Baba aliongoza vikao kazini miaka thelathini na moja, na alipostaafu alihama navyo. Hapa kwetu hata rangi ya mlango wa choo ilipita kwa kura. Nimemwomba kompyuta, akavua miwani. Unataka kuondoa mfumo uliopo na kuweka mwingine? Ndiyo, baba. Ipo mifumo mingapi? Nikajibu — mdomo huu! — kwamba ipo mingi, ila inayofaa ni mitatu.

Ningesema mmoja ningekuwa nimeshamaliza. Sasa kikao ni keshokutwa, saa kumi jioni, na kila mfumo uwe na mdhamini wa kuunadi.

Jumatano, 6 Machi

Waliohudhuria: baba, mwenyekiti. Shangazi, dada yake, katibu mwenye daftari. Kaka yangu, fundi friji. Mimi. Na Mama Cherehani, jirani yetu mshonaji! Nikauliza huyu ni mjumbe kwa kanuni ipi? Akajibu mwenyewe bila haya: ametumia mtandao wetu kupitia ukutani miaka minne, kwa hiyo ni mdau. Baba akaafiki. Miaka minne mimi nalalamika mtandao uko taratibu, kumbe!

Kosa langu la pili: nilichapisha picha za mifumo. Wa kwanza nembo yake ni pengwini. Wa pili ni samaki wa miiba, yule anayejivimbisha. Wa tatu ni kishetani chekundu, pembe mbili na uma mkononi. Nikaeleza kwamba hiyo ni katuni tu, mfumo wenyewe ni imara na unaheshimika. Shangazi hakusikia hata neno. Atalalaje nyumba moja na kitu kile? Nikamwambia asiogope, hakitaonekana, kitakaa ndani kwa ndani, kinafanya kazi kimyakimya.

Ndipo nikaharibu kabisa.

Kaka akamnadi samaki. Ana miiba, mwizi hamgusi. Hajui kingine chochote kuhusu samaki huyo, lakini alizungumza dakika kumi na mbili na meza akaipiga kwa mkono. Mimi nikamnadi pengwini: namfahamu, anaingia kwenye mashine kuukuu, na nikikwama wapo wengi wa kuuliza. Mama Cherehani akataka kujua kama pengwini atastahimili joto. Shangazi akaliandika swali kwenye muhtasari. Jibu pia.

Shetani akakosa mdhamini. Baba akasema haki itendeke, akamnadi yeye mwenyewe, akisoma karatasi yangu kwa sauti ya taratibu, picha kaifunika kwa kiganja.

Kura ya siri, mwenyekiti hapigi ila zikilingana. Pengwini tatu. Shetani moja. Samaki sifuri.

Sifuri! Hata mdhamini wake hakumpigia. Kaka anaapa ile ya shetani si yake. Wakati wa kula Shangazi akawa anatukagua nyuso mmoja baada ya mwingine.

Jumamosi, 9 Machi

Kadi ya mtandao nimeipata kwa fundi wa kompyuta karibu na stendi. Kaichomoa kwenye mashine iliyokufa, kaifuta kwa shati.

Kompyuta ya baba ndani ina mjusi. Mkavu kama biskuti. Baba kataka iandikwe kwamba alikuwemo kabla ya mfumo mpya, pengwini asije akasingiziwa.

Nimepandisha mfumo kwa flashi. Haukupata mtandao. Nimebadilisha kadi, nimebadilisha mipangilio, nimejitukana. Saa tatu zimekwisha ndipo nikagundua Kaka alizibadilisha mahali zile waya mbili, ya kuingia na ya kutoka, kwa sababu eti ile ya bluu ilikuwa inapishana vibaya na ile ya kijivu. Ningemrudishia kofi moja la utotoni.

Jumapili, 10 Machi

Inafanya kazi! Inanguruma kama kinu, inapasha joto sebule nzima, lakini inafanya kazi!

Baba akavuta kiti. Mstari huu kwenye skrini ni wa nini? Nikamweleza: ni ukuta wa ulinzi. Kwanza unakataa kila kitu. Kisha unaruhusu kile tu kilichoidhinishwa.

Akanitazama. Unakataa kila kitu mpaka kiidhinishwe?

Ndiyo, baba.

"Kumbe chombo hiki kimelelewa vizuri!"

Akacheka. Akacheka kweli, mpaka akajifuta macho. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Akasema nywila itunzwe na mwenyekiti, na mimi kwa furaha ile nikamwandikia, nikamwonyesha na jinsi ya kuibadilisha. Mimi! Ninayefundisha wanafunzi kila muhula wasimpe mtu nywila!

Jumanne, 12 Machi

Kuna fomu. Jina la mwombaji, tovuti, madhumuni, muda. Nywila baba kaibadilisha, kidole kimoja kimoja, na ukuta sasa unakataa kila kitu. Kikao cha leo kimepitisha hali ya hewa, video za mapishi za Shangazi, mishono ya Mama Cherehani na ukurasa wa chuo changu. Mpira wa Kaka umekwama, madhumuni hayakueleweka. Kaka kabaki kusema, "Kufurahi, baba. Kufurahi!" Karudishiwa fomu.

Mimi ya hospitali sijapeleka. Nikifika pale kwenye "madhumuni" kalamu inakataa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejaribu kuipenyeza kwenye ajenda ya mwisho, Mengineyo: "Kikao cha kikazi kwa video, Ijumaa saa nne, muda wa saa moja." Baba kairudisha. Kikazi na nani? Kuhusu nini? Fomu haijitoshelezi. Kama ni haraka, kikao cha dharura kesho saa tatu na nusu.

Alipokwenda kuoga nilisimama mbele ya mashine na flashi mkononi. Dakika ishirini tu na ningeingia, nywila au hakuna nywila. Juu yake kulikuwa na orodha ya ajenda za wiki ijayo, mwandiko wake mzuri wa zamani, namba moja mpaka kumi na nne. Ya tisa: "Ruta — pongezi kwa binti." Nimerudisha flashi drooni. Nimelia kidogo jikoni, nikasingizia vitunguu ambavyo sikuwa navyo.

Ijumaa, 15 Machi

Saa tatu na dakika hamsini. Naandika nikiwa koridoni.

Kaka yuko kazini, akidi ikakosekana, ikabidi Mama Cherehani aitwe kutoka ng'ambo ya ukuta. Kaja na futi ya kupimia shingoni. Baba akasema, mwombaji aeleze.

Nimesema. Yote. Hospitali, mji, saa tisa kwa basi. Kwamba wanatafuta mtu wa kuhakikisha mtandao haukatiki, na kwamba watanipigia saa nne. Kalamu ya Shangazi ikasimama. Baba akaisoma fomu, akaigeuza nyuma ambako hakuna kitu, akasoma na huko. Kisha akasema mwombaji ana maslahi binafsi, atoke nje.

Basi nipo hapa. Juu blauzi ya usaili, chini suruali ya kulalia. Laptop mapajani, inatafuta mtandao. Kati yangu na kikao kuna pazia tu, nasikia kila kitu.

Shangazi kaunga mkono. Sauti imemtetemeka lakini kaunga.

Mama Cherehani kapinga! Kapinga! Eti nikiondoka, siku mtandao ukigoma nani atautengeneza? Mdau gani huyu!

Moja ndiyo, moja hapana. Kura ya uamuzi ni ya mwenyekiti.

Nasikia fomu ikigeuzwa tena.

Baba: "Katibu, hili usiliandike." Halafu kwangu, kupitia pazia: nitaanza lini?

Nimemjibu, wakinichukua, mwezi ujao.

Na Jumapili nitakuwa narudi?

Saa tisa kwa basi, baba. Si kila Jumapili.

Kiti kimesogea. Anawaomba wajumbe, kwa utaratibu, wampe dakika tano za kutafakari. Wajumbe wamemkubalia. Sasa ni saa nne kasoro dakika mbili.