Mwambie Anayepika Aache Kukoroga

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa uani, uso nimeugeuzia ukuta wa jikoni, maana hata kwenye karatasi naona aibu kukutazama. Najua kwetu mkwilima hamwambii mama mkwe wake maneno mengi namna hii, tena kwa wewe-wewe, utadhani anaongea na rika lake. Ndiyo maana bahasha sijaifunga. Itapita kwanza mikononi mwa Neema, binti yako, naye Jumamosi atakuja nayo Ushetu akusomee. Ukisikia neno lililovuka mpaka, mgombeze yeye. Mimi sipo.

Nataka tukumbuke zile wiki nane za mguu wako.

Uliteleza kwenye bani la kukaushia tumbaku, mguu ukavunjika, wakakuleta hospitali huku Geita, na ukatoka umefungwa hogo la plasta mpaka juu ya goti. Neema akasema utakaa kwetu Kalangalala mpaka upone. Nilifurahi, na niliogopa. Nikakusafishia kile chumba cha uani, kinachotazamana na jiko, ili usilale chini ya paa moja na mkweo. Nikaweka pazia zito mlangoni. Nikajiona nimemaliza habari zote za heshima, kumbe nilisahau kwamba mgonjwa hula.

Unajua ratiba ya nyumba hii. Neema yuko kwenye duka la dawa na hufunga saa mbili usiku. Mimi kazi yangu ni kuchomelea vyuma vya makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na jioni saa kumi na moja na nusu natoka. Kwa hiyo kabla hujaja, siku za kazi mpishi wa nyumba hii alikuwa mimi. Nilijifunza machimboni, ambako asiyejua kupika analala na njaa. Ila Neema alinibana: "Mama asijue. Akijua unashika mwiko atasema nimekuweka kiganjani."

Tukapanga. Nitapika saa kumi na mbili, nifunike sahani yako, Neema akirudi akuletee, nawe utaamini kapika yeye. Tulijiona wajanja sana. Kwa hiyo siku nne mfululizo nilikaa jikoni na chakula cha moto, hatua kumi kutoka kwa mtu mwenye njaa, nikisubiri kipoe.

Siku ya tano nikakusikia ukiongea na simu na mwanao wa Kahama. "Njoo unichukue Jumamosi. Hapa nakula saa mbili usiku kama mlinzi, tena chakula cha baridi. Bora niende na mguu wangu hivihivi."

Mama, mwiko niliuweka chini. Daktari alishasema ukirudi shambani kabla ya hogo kufunguliwa, utachechemea maisha yako yote. Na utachechemea kwa sababu gani? Kwa sababu mkweo aliona haya kubeba sahani.

Nikaibeba. Nikaiweka juu ya kigoda mbele ya pazia lako, nikakohoa, nikakimbilia nyuma ya tangi la maji. Mtu mzima, mwenye ndevu, nimechuchumaa nyuma ya tangi. Nikaona gongo lako likitoka chini ya pazia, likakinasa kigoda mguu, likakivuta ndani taratibu. Kisha kijiko kikaanza kugonga sahani.

"Neema," ukasema, "leo umewahi."

Neema saa ile alikuwa dukani akiuza dawa.

"Na hicho kikohozi chako ni cha kiume. Kitafutie dawa."

Niliziba mdomo kwa viganja viwili. Ukala kidogo, halafu ukaongea tena, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka nyuma ya tangi:

"Neema, mwambie anayepika aache kukoroga. Nyama inataka itulizwe. Hii kaichemsha."

Jumamosi mwanao alikuja na gari la kukodi. Nilikuwa jikoni, nikasikia unamwambia, "Rudi tu baba. Nina kazi hapa." Hakuelewa kazi gani mtu mwenye hogo anaweza kuwa nayo. Akanywa chai, akaondoka na gari lake tupu.

Kazi yenyewe ilikuwa mimi. Kila jioni ya siku za kazi nilikuwa nasimama jikoni mbele ya ule mtungi mdogo wa gesi wenye jiko moja, nawe uko nyuma ya pazia unamfundisha Neema ambaye hayupo. Neema akirudi usiku alikuwa anavua viatu na kuniuliza, "Haya, leo nimeambiwa nini?"

Nami namsimulia. Leo umesema kitunguu kisubiri zamu yake. Leo umesema chumvi iingie mwisho, ikitangulia inaikamua nyama maji. Leo umesema kabichi ikatwe nyembamba na isifunikwe, mtu akitafuna aisikie. Siku niliyojaribu sosi ya soya uliuliza, "Neema, hiki cheusi ni nini, oili ya gari?" Baada ya muda ukaongeza, "Kisizidi kijiko kimoja." Hapo nikajua umekipenda.

Kikaango ulikitambua kwa harufu tu, sijui uliwezaje. Nilikitengeneza mwenyewe kwa diski ya plau la trekta. Lile tundu la katikati nililiziba kwa kuchomelea, nikapiga msasa, nikaunga mpini, nikakiunguza na mafuta mpaka kikawa cheusi kinachong'aa. "Neema," ukasema, "huyo ananipikia kwenye jembe?" Nilicheka kwa sauti safari hiyo. Nawe ulicheka, nilikusikia. Tulicheka wote wawili na hakuna aliyekuwa anacheka na mwenzake.

Nataka ujue sikupoteza somo hata moja. Nikitoka kazini napita buchani, namwambia muuzaji achukue kipande kisicho na mafuta mengi, nusu kilo, asage mara moja tu, akisaga mara mbili inakuwa uji. Nyumbani kikaango kinapata moto kwanza mpaka tone la maji linaruka. Nyama inaingia bila mafuta, naitandaza, kisha naweka mikono nyuma ya mgongo. Hapo ndipo pagumu, mama. Mkono unawasha kukoroga. Nasubiri maji yakauke, nisikie imeanza kulia chwaa, upande wa chini uwe wa kahawia, ndipo naigeuza na kuivunjavunja. Naisogeza pembeni, mafuta kidogo katikati, kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu. Karoti na hoho zinafuata. Wali ambao Neema ameuacha kwenye hotpoti asubuhi unaingia humohumo, kijiko cha ile oili ya gari, kabichi, chumvi, nazima. Kikaango kimoja, dakika ishirini, na chombo cha kuosha ni hichohicho.

Kitu kimoja tu hukukubali. Kila ukimaliza kula, ulisukuma kigoda nje kwa gongo na kusema, "Mwambie anayepika chakula ni kizuri, lakini sahani hii ni ya wageni. Mimi kwangu nina yangu ya bati, yenye ukingo wa bluu." Nilidhani unalalamikia vyombo. Neema akanieleza kwamba sahani ile hujawahi kuitoa nje ya nyumba yako tangu uolewe, hata msibani unakula kwenye chombo cha watu.

Halafu ikafika ile jioni ya mwisho. Hogo lilikuwa limefunguliwa, unajifunza kutembea. Nikasikia hatua uani, moja nzito, moja nyepesi, zinakuja jikoni. Nikajibana nyuma ya mlango. Hukutumia gongo kusukuma kigoda, uliibeba sahani tupu mwenyewe, ukaiweka pale kizingitini. Ukasimama kidogo.

"Wabeja," ukasema.

Hapakuwa na Neema mwanzoni mwa asante hiyo. Nilibaki na kijiko mkononi, machozi yananitoka, na ningeweza kusingizia vitunguu lakini vilikuwa havijakatwa. Nilipoolewa na familia yenu, maana ndivyo ninavyoona sasa, nilijua hukunitaka. Ulimwambia Neema mtu wa machimboni hana kwao. Sikukulaumu, wengi wetu tulikuwa hivyo, ila iliniuma. Neno lile moja lilinimalizia kinyongo chote. Sikukujibu, ningekuaibisha. Nakujibu leo: asante na wewe, mama.

Sasa kuna mjukuu wako, miezi saba, mwenye jina lako. Jina hilo mimi silitamki, kwa hiyo namwita Bibi. Ana meno mawili na anagombea kijiko. Duka la Neema limehamia karibu, siku hizi anawahi kurudi. Mimi nina afya, kazi ipo, jioni tunakula uani. Sina ninachokilalamikia, isipokuwa kile chumba chenye pazia, ambacho tumekataa kukipangisha.

Tangu mdogo wake Neema naye ahamie Kahama kwa kaka yake uko peke yako, mvua zikianza mguu unauma, na kisima kiko mbali. Tumekuomba mara tatu uje ukae nasi. Mara zote umemjibu Neema vilevile: "Mara ya kwanza nilikaa kwa mkwe kwa sababu ya mguu. Sasa nitasema nakaa kwa sababu gani?"

Nimelifikiria hilo swali nikiwa nachomelea, mpaka juzi nikaunga chuma upande usio wake. Sina jibu la kizee. Nina hili tu: pazia lipo, nimelifua. Ukuta upo. Sitakutazama wala kukusogelea, na nikikutana nawe uani nitapisha njia. Watu wakikuuliza, waambie umekuja kusimamia nyama isichemshwe. Wakicheka, wacha wacheke, nawe utakuwa unakula.

Hapo ndipo nilipoishia jana. Nilitaka kuweka jina na kumaliza.

Leo mchana dereva wa lori anayepita huko kwenu ameshusha kifurushi dukani kwa Neema. Neema amekuja nacho nyumbani, tumekifungua juu ya kigoda. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kama kilo tano hivi. Tukaimimina kwenye ungo. Chini kabisa kulikuwa na khanga yako ya zamani, imefungwa fundo. Neema akafungua fundo.

Sahani ya bati. Ukingo wa bluu, umebanduka kidogo upande mmoja.

Neema aliigeuza chini juu, akatafuta karatasi, akauliza, "Hakuandika kitu?" Nikamwambia hakuandika. Akakaa chini pale pale uani, mtoto mapajani, akawa anacheka huku anajifuta macho kwa khanga yako. Mimi nikaichukua sahani nikaenda kuiosha, nikatumia muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Basi sina la kuomba tena. Neema, hapa unaposoma, ongeza sauti kidogo. Mwambie anayekula kwamba Jumapili nitakuwa nimetandika kitanda na kuondoka uani kabla hamjafika. Mwambie Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, sahani yake itakuwa juu ya kigoda, ya moto.

Nitakohoa.

Mkweo,
baba wa mwenye jina lako