Usimpe Mtu Akusomee

Msamala, Songea

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje tangu mmalize kuokota korosho? Sisi wazima, alhamdulillahi, mvua tu ndizo zinatuonea. Usishangae kuona barua siku hizi. Simu yako wewe ni ya ukoo mzima, inapokewa na yeyote aliye karibu. Haya nataka uyasome mwenyewe, taratibu, hata ukichukua siku mbili.

Mama, nina mimba. Kaa kwanza. Sikumwambia mtu, hata Issa. Mara zile mbili, tukiwa bado huko nyumbani, nilimwambia mapema, na zilipotoka ulimwona mume wangu alivyokaa mwezi mzima hasemi. Safari hii nikaapa kunyamaza mpaka miezi mitatu ipite. Kila kitu nikakiweka kwenye simu, kwenye programu ya wajawazito: siku zangu, vidonge, na zile mbili. Simu haina mdomo, nilijua mimi.

Kumbe! Wiki iliyopita kioo kilipasuka, nikaipeleka kwa fundi. Akaomba namba ya siri, nikampa, akaiandika kwenye karatasi na kuibandika mgongoni mwa simu, kama wafanyavyo mafundi wote hapa. Jirani yangu Mama Shani akaja kununua chaja. Fundi anasema simu ililia mezani: “Hongera! Mtoto wako sasa ana ukubwa wa ndimu.” Mama Shani akaigeuza, akaiona namba, akafungua, akachimbua mpaka chini.

Alasiri akanijia na bakuli la uji wa ulezi.

“Hongera dada. Na pole kwa zile mbili.”

Nilijiona nimevuliwa nguo sokoni, mama. Nikamrudishia uji wake, nikaenda kumgombeza fundi mpaka sauti ikakauka. Maskini, aliomba radhi. Sasa hataki namba ya mtu, unafungua mwenyewe mbele yake.

Hofu yangu ilikuwa Issa. Alikuwa njiani kutoka Namtumbo na lori la mahindi, na asingefika nyumbani bila kupewa hongera na mtu. Nikamsubiri barabarani, nikapanda, nikamwambia hata kabla ya salamu.

Akazima injini.

“Najua,” akasema. “Niliona siku ile naazima simu yako kununua umeme. Nikaona umenyamaza, na mimi nikanyamaza. Niliogopa kukutisha.”

Wiki tatu, mama! Kitanda kimoja, kila mtu na hofu yake. Nilicheka, kisha nikalia. Namba ya siri nimebadilisha, na Issa anaijua kwa sababu nimempa mwenyewe. Mama Shani bado namwitikia kwa shingo upande.

Nisalimie baba mdogo, shangazi Somoe na dada yangu Hadija. Hao wape salamu tu, mengine yabaki kifuani mwako.

Jana kliniki wamenisikilizisha mapigo ya moyo wake. Zile mbili hazikufika hapa, mama.

Mwanao,
Mwanaidi